Ng'ombe Mmoja, Mwenyewe Mmoja

Jumatatu, 3 Machi
Nimekamua, nimepeleka maziwa ushirika hapa kijijini Ziwa, nimerudi. Chebet, binti ya dada yangu, amekuja kutoka Eldoret na laptop. Ushirika umempa kazi ya fomu za simu. Haandiki fomu moja moja. Anachora mchoro mmoja: mkulima, ng'ombe, maziwa, chanjo, na mistari ya kuunganisha. Kompyuta inatoa fomu zote kutoka hapo. Nikamwambia hiyo kitu nilishaifanya kwa kichwa kabla azaliwe. Akauliza ng'ombe mmoja ana wenyewe wangapi. Nikasema mmoja. Hawa wote ni wa Anko wako. Akachora.

Jumatano, 5 Machi
Hotelini nimesema fomu ni zangu, Chebet amechapa tu. Nimenunuliwa chai na mandazi.

Jumatatu, 10 Machi
Siku ya chanjo. Ugonjwa wa miguu na midomo uko karibu. Mama Salina, mjane jirani, ameleta ng'ombe aliyewekewa na rafiki ya marehemu mzee wake. Anatunza, anakunywa maziwa, ng'ombe si wake. Huku kwetu boma nyingi ziko hivyo. Simu ya karani wa ushirika ikauliza: wewe ndiye mwenyewe? Hakudanganya. Fomu ikakataa. Akarudishwa bila chanjo.
Zamu yangu nikabonyeza Ndiyo. Wangu wakadungwa.
Wangu! Ni wa Kiprono, shemeji yangu wa Timboroa.

Jumamosi, 15 Machi
Ng'ombe wa Mama Salina anatoa mate, anachechemea. Watu wanamlaumu Chebet. Amenipigia: "Anko, nilikosea wapi?" Nikasema labda ni netiwaki. Mimi ni takataka.

Jumatatu, 17 Machi
Mkutano. Walitaka kumfukuza Chebet. Nikasimama. Nikasema mimi ndiye nilimpotosha, hata wale wa boma langu ni wa kuwekewa.
Mzee mmoja nyuma: "Na ile hadithi yako ya hotelini, ya fahali uliyemshika pembe kwa mnada, nayo?"
Wakacheka mpaka karani akashika tumbo. Mama Salina hakucheka.
Chebet hakuniangalia. Akaongeza kisanduku kimoja kwa mchoro wake: mtunzaji. Fomu zote zikabadilika papo hapo. Kumbe ilikuwa kitu kidogo hivyo.

Jumatano, 19 Machi
Karani amepita na fomu mpya. Mwenyewe: Kiprono. Mtunzaji: mimi. Nimebonyeza.
Jioni nimekamua, nikapeleka maziwa kwa Mama Salina. Ng'ombe wake amekauka. Amepokea mtungi, akamimina maziwa kwa sufuria yake, akaurudisha umeoshwa.