Nyumba ya Vijiti Iliyokataa Paa

Leirbakken, 2 Septemba 1962

Mwanangu Gunnvor,

Hujambo, na mumeo hajambo, na huyo aliyemo tumboni anapiga mateke bado? Mimi mzima, ila magoti tu.

Ile zawadi ya mjukuu, nyumba yetu ndogo ya vijiti, inanisumbua. Vijiti ninavyo tele. Baada ya sikukuu ya taifa ya tarehe 17 Mei niliokota vya aiskrimu uwanja mzima wa shule, watoto wakinicheka, nikavichemsha na kuvinyoosha chini ya Biblia. Kuta za nyumba yetu zimesimama hapa mezani, sentimita tano kwa kila mita. Lakini juzi nilipima paa, nikalikata, nikaliweka, halikai. Nikapima upya sebule kwa mshazari, kutoka kona ya jiko hadi kona ya mlango. Mwezi wa Mei niliandika mita sita na sentimita arobaini. Sasa napata arobaini na tatu.

Na miaka yote arobaini ya useremala! Bibi yako alianza hivi hivi, kwa vitu vidogo, hadi akawa ananiita kwa jina la kaka yake. Naogopa, mwanangu. Usimwambie mtu.

Baba yako

Bergen, 8 Septemba

Baba mpendwa,

Sisi wazima, na mtoto anacheza mpira humu ndani. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Usinifiche kitu. Unakumbuka kula? Jiko unazima? Ningekuja leo hii, lakini mkunga amenikataza safari mpaka nijifungue. Nimekuandikisha kwa daktari mjini, Jumatano tarehe 26, saa nne asubuhi. Utakwenda, Baba. Usianze ule ubishi wako.

Mwanao Gunnvor

Leirbakken, 17 Septemba

Gunnvor,

Natumai hujambo. Mimi sijui nisemeje.

Nimepima tena: arobaini na saba. Nimepima asubuhi, nimepima baada ya kahawa, nimebadilisha hata futi ya kupimia. Kila kitu kimeamua kunidhihaki. Mlango wa ghala la chini, nilioupiga randa mwenyewe, umekwama. Maji ya kisima yamekuwa ya kijivu, au macho nayo yananiacha. Na mvua haikatiki. Oddveig wa dukani aliniuliza mbona nimekonda, nikamwambia ni meno. Akijua, kijiji kizima kitajua kabla ya chakula cha mchana.

Nyumba hii niliijenga kwa mikono yangu, haiwezi kuwa na kosa. Kosa ni mimi.

Nakutumia kazi yenyewe kwa posta, bila paa. Vipimo vyote nimeviandika kwa penseli chini ya sakafu. Wewe unafundisha hesabu, niambie ukweli hata ukiuma. Kwa daktari nitakwenda.

Baba

Bergen, 26 Septemba

Baba!

Toka nje ya nyumba. Ukiisoma hii ukiwa jikoni, acha kila kitu, toka.

Sanduku limefika asubuhi hii. Nimeigeuza nyumba na kusoma namba zako. Mtu anayesahau hukosea huku na huku. Wewe hukosei huku na huku! Kona ya jiko hadi mlango inarefuka kila mara, na mshazari wa pili, wa kona zile nyingine mbili, unafupika kila mara, kiasi kilekile. Vipimo vyako ni sahihi, Baba. Ni nyumba inayokwenda, inavutwa upande wa mtoni. Udongo wa chini umelowa, na wewe unajua udongo wetu ukilowa huwa uji.

Nimepiga simu dukani kwa Oddveig mara nne. Opereta wa simu anasema laini imekatika. Polisi wanasema subiri. Nijibu, tafadhali nijibu.

Gunnvor wako

Shuleni, 30 Septemba

Mwanangu,

Nipo hai. Nalala kwenye ukumbi wa mazoezi pamoja na familia sita.

Daktari aliniuliza tarehe, jina la mfalme, kisha nihesabu kutoka mia nikitoa saba saba. Nilijibu yote. Basi la kunirudisha lilipofika kwenye kona yetu likasimama, maana barabara haikuwepo. Palipokuwa na nyumba pana shimo, na tope la kijivu lilikuwa bado linateremka polepole mtoni. Barua yako ilinikuta hapa.

Nikuambie jambo la aibu. Pale ukingoni, kabla sijamwuliza mtu yeyote Oddveig yuko wapi, nilifurahi. Nilifurahi kwamba si mimi niliyeharibika.

Walimtoa chini ya boriti za duka, mguu umevunjika mara mbili. Jana nilimwendea hospitali nikamweleza namba zangu, zile nilizozificha wiki tatu kwa kuona haya.

"Torleiv, mpumbavu wewe," akasema. "Ungeniambia tu. Ningekucheka, halafu ningehama."



Usiiguse nyumba ya vijiti. Kuta zake ni za Mei, zimenyooka. Mtoto akizaliwa nitakuja nilikate paa hukohuko kwako, kwa vipimo vya Mei. Futi ninayo, ilikuwa mfukoni.

Baba yako