Esperansi Amesema Bado

Titye, Kasulu
Jumapili asubuhi

Baba yangu,

Shikamoo. Goti lako linasemaje? Mdogo wangu Dani aliniambia kwamba Siku ya Upatanisho mwaka huu ulisali umeketi, nikajua maumivu yamerudi, maana wewe si mtu wa kuketi mbele za Mungu. Usinifiche. Na Mama, kifua kimetulia? Mimi ni mzima. Mvua za kwanza zimenyesha huku, barabara imeanza kuteleza, na mwalimu ukimtafuta mzazi siku hizi unamkuta shambani.

Nimeona niandike kwa sababu jambo hili kwenye simu linanishinda. Kila nikianza kulieleza najikuta najitetea. Labda kwenye karatasi nitasema ukweli.

Hapa bado wananiita mwalimu Msabato. Nilishachoka kueleza kwamba sisi ni Wayahudi, kwamba wapo Wayahudi Watanzania, wachache, na baba yangu ni mmoja wao na anatengeneza redio Arusha. Wananisikiliza kwa adabu, kisha wanauliza, "Sasa Jumamosi unasali kanisa gani?" Ijumaa jioni nikiwasha mishumaa ya Sabato, jirani yangu huja mbio na taa ya sola akidhani umeme wangu umekatika. Nimeacha kumkatalia. Naipokea taa, naiweka mezani pembeni ya mishumaa, tunakula naye.

Unakumbuka ile likizo niliyokaa Kibondo kwenye mafunzo ya maigizo? Aliyetufundisha ni mama mmoja Mkongomani wa kambi ya wakimbizi, Mama Bea. Maigizo yake ni ya papo kwa papo: hakuna kilichoandikwa, mnasimama wawili, mnapewa mahali, mnaanza. Sheria ni moja. Mwenzako akisema kitu usikikatae, kipokee, kisha ongeza chako. Alikuwa akisema, "Kila neno la mwenzako ni kado. Kado hairudishwe." Kado kwao ni zawadi. Nilimpenda mno. Nilimsikia kama wewe ukisema kwamba mgeni hapokelewi nusu.

Basi nikaanzisha kundi hapa shuleni, kila Jumatano baada ya vipindi. Watoto wa kidato cha pili. Walikuja waoga, Kiswahili chenyewe kinawatoka kwa kupimapima maana nyumbani wanaongea Kiha. Baada ya wiki chache ungewakuta wanagombania kusimama. Hodari kuliko wote alikuwa Esperansi, msichana mrefu, mkimya darasani. Rafiki yake, Yustina, wanakaa dawati moja.

Jumatano moja wakasimama wao wawili. Wenzao wakawapa mahali: stendi ya Kasulu. Yustina akawa mkata tiketi, Esperansi msafiri. Yustina, kwa ule mchezo wa kusema linalokuja kwanza mdomoni, akapaza sauti: "Wewe dada! Gari la Burundi lile pale! Wakimbizi wote mnarudi kwenu, panda!"

Darasa likacheka. Esperansi hakusita. Akasema, "Ndiyo, na nina mbuzi wawili, nipe siti tatu. Huyu mweupe anakaa dirishani, anatapika."

Walicheka hadi wakagonga madawati. Lakini mimi, Baba, damu ilinichemka. Mimi ndiye ninayetunza majalada ya wanafunzi. Najua babu yake Esperansi alikuja kutoka Burundi kama mkimbizi, na kwamba wazazi wake walipata uraia wakahamia Nyakitonto kulima. Wenzake hawakujua. Kiha na Kirundi ni ndugu, nani angewatofautisha? Mimi nilijua. Nikakumbuka ulivyotufundisha tangu wadogo kwamba nasi tulikuwa wageni Misri. Nikasimama nikafoka, "Acheni! Yustina, unajua unamwambia nani maneno hayo? Babu yake Esperansi alikimbia vita! Hawa ni raia kama wewe!"

Kicheko kilikatika kama uzi. Wote wakamgeukia Esperansi. Yeye alikuwa bado ameshika kamba ya mbuzi ambaye hayupo.

Sikuishia hapo. Kesho yake asubuhi nilimsimamisha Yustina mstarini, mbele ya shule nzima, aombe radhi. Aliomba huku analia. Nikarudi ofisini nikijiona nimetenda haki.

Esperansi hakuja siku ile. Wala iliyofuata. Alikuwa akiishi hapa kwa shangazi yake, akafunga virago akarudi kwa mama yake Nyakitonto.

Jumapili nikapanda bodaboda kwenda huko. Nilimkuta mama yake uani anapeta maharage. Akanisalimu, "Amahoro, mwalimu," yaani amani, kama salamu yetu. Akanipa kigoda. Hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza. Alisema tu, "Karatasi zetu za uraia zipo sandukuni, mwalimu. Hatuzifichi. Ila hatuzitembezi."

Nikamwita Esperansi nikamwambia nimekuja kumwomba msamaha kwa maneno aliyoambiwa na Yustina. Akaniangalia kama niliyekosea mlango.

"Yustina hakunikosea," akasema. "Yustina hakujua kitu. Alinipa gari, mimi nikampa mbuzi. Nilikuwa nimewashika wote, mwalimu, hukuona? Wewe ulijua. Na wewe ndiye uliyesema."

Baba, wewe umeturudia mara ngapi kwamba kumwaibisha mtu mbele za watu ni kama kumwaga damu yake? Mimi nilidhani nimesimama kuizuia isimwagike.

Nikasema, "Basi nisamehe mimi."

Akafikiri. Akasema, "Bado."

Mama yake akapandisha sauti, "Wewe! Mwalimu ametoka Titye kwa ajili yako!" Nikamwomba amwache.

Niliporudi nilimwita Yustina nikamwomba radhi naye. Hata sijamaliza sentensi akasema, "Nimeshasamehe, mwalimu," macho yakiwa chini, na miguu tayari inataka kuondoka. Nikabaki najiuliza nimepewa nini pale. Mkuu wetu wa shule, mtu mwema wa Kibondo, aliposikia alishika kichwa: "Mwalimu anamwomba mwanafunzi msamaha? Kesho watataka tuwapigie magoti." Nimewafundisha watoto hawa mwaka mzima kusema ndiyo. Yustina kaniambia ndiyo na siiamini. Esperansi kakataa, na neno lake ndilo pekee ninaloliamini.

Wiki iliyofuata Esperansi alirudi. Alikaa dawati lilelile na Yustina, na kwa siku mbili sikuwasikia wakiongea. Jumatano nilifika kwenye kundi nikiwa nimeandaa mchezo mwepesi wa kutupiana mpira. Esperansi akanyoosha mkono. "Mwalimu, stendi hatukumaliza."

Nilitaka kukataa. Nikaketi.

Akasimama katikati, akavuta kamba zake. Yustina akasogea hadi nusu ya chumba. Esperansi akamwanzia: "Dada, nasikia kuna gari la kurudi kwetu. Nikatie tiketi ya Nyakitonto."

Yustina akachungulia ndani ya gari lisilokuwepo. "Ndiyo... lakini la Nyakitonto limejaa. Itabidi nikupakate."

"Ndiyo, na mbuzi je?"

"Mbuzi nao nitawapakata!"

Darasa zima likapiga kelele, na wale wawili wakashikana wakicheka na kulia, sikujua kipi ni kipi. Mimi nilitazama sakafu.

Siku moja kabla ya mfungo wa Siku ya Upatanisho nilimngoja nje ya darasa nikamwomba tena. Akasema, "Bado, mwalimu." Nikamwomba mara ya tatu jioni ile wakati anakwenda kuteka maji, kwa kuwa ulitufundisha mara tatu. Akatua ndoo. Akasema, "Bado. Lakini si nimerudi? Unaniona kila siku." Akaniuliza kama ni kweli kesho sitakula wala kunywa. Nikasema ni kweli. Akasema, "Pole," akaenda.

Nikafunga peke yangu chumbani, Baba. Nilipofika pale kwenye sala tunapotaja makosa tuliyowatendea wenzetu nilishindwa kuendelea. Najua ulichofundishwa na baba yako: ukiomba mara tatu kwa moyo, yako umetimiza. Lakini sijihisi nimetimiza. Nahisi nikimwomba mara ya nne nitakuwa namlazimisha, na nikinyamaza nitakuwa nimejisamehe mwenyewe. Kesho namkuta darasani. Nitamfundisha historia, atanijibu vizuri, kama kawaida yake. Niambie nifanye nini, na usiniambie kwa simu.

Nisalimie Mama, na shangazi anayetuokea mikate ya Ijumaa, mwambie huku ninaikata chapati kwa baraka zilezile. Msalimie Dani, aache kukubebesha redio nzito. Na mzee wa duka anayenihifadhia magazeti, amani kwake na kwa wanawe.

Ni mimi mwanao, nikiwa mbali na meza yako,
Rahel