Barabara Haina Baba

Shemeji Augustino,

Shuleni walitufundisha kwamba barua inaanza na "natumaini hujambo". Wewe swali hilo limeshakupita, kwa hiyo naanza na mimi mwenyewe, kama ilivyo kawaida yangu. Goti limepona. Mkono wa kushoto bado unauma asubuhi kukiwa na ukungu, na huku kwetu unajua ukungu hauna likizo. Mwandiko huu ni wangu, sikumwomba mtu. Ukiona mistari inapanda na kushuka, usicheke, ni mwandiko wa darasa la tano na wa Mmatengo, lazima uwe na milima.

Nina jambo la kukuambia, na nitalizungukazunguka kwanza, nivumilie.

Mbinga imejaa, shemeji. Ungeiona msimu huu ungeshika kichwa. Zamani kahawa ilikuwa inanunuliwa na ushirika peke yake, lori lilikuja likaondoka, tukalala. Sasa ni ruksa. Kila mwenye mzani ni mnunuzi, kila mnunuzi ana lori, na kila lori lina dereva anayetaka kuwahi gunia kabla ya mwenzake. Barabara ni ile ile moja ya vumbi. Pikapu zimeegeshwa kushoto na kulia kama mbuzi mnadani, katikati wanapita akina mama na vikapu vya maharage, baiskeli zenye mahindi, na honi. Honi, shemeji! Mtu anampigia honi mama mwenye mtoto mgongoni kana kwamba mama ndiye ameileta barabara pale.

Mimi ndiye niliyekuwa nakuambia kwamba hayo ni maendeleo. Unakumbuka nilivyorudi kutoka Dar es Salaam, watu wakaniita Mjini? Miwani ya jua, suruali ya mitumba yenye mifuko sita, redio imefungwa kwenye keria. Mimi niliyesukuma mikate kwa baiskeli Kariakoo miaka mitatu, niliyepita katikati ya magari mawili yanayopishana na nisichubue hata mkate mmoja! Hiyo nilikusimulia mara ngapi? Na ile ya teksi niliyoipita nikiwa nimeachia mikono? Leo nakwambia ukweli, teksi ile ilikuwa inasukumwa.

Wewe hukuwa na hadithi. Wewe ulikuwa na tenga la usipa, dagaa wa ziwani kwenu. Kutoka Lituhi mpaka Mbinga, siku mbili za milima, na ile baiskeli nyeusi ya Kichina, na kila ukikutana na mtu mzima njiani unashuka. Si kupunguza mwendo. Unashuka, unaegemeza baiskeli kwenye nyonga, unavua kofia, shikamoo, za nyumbani, mvua vipi huko, ndipo unapanda tena. Nilihesabu siku moja, kabla ya kufika kanisani ulikuwa umeshuka mara kumi na moja. Nikakuambia, "Shemeji, wewe baiskeli unaisindikiza, huiendeshi." Ukacheka mpaka tenga likatikisika.

Na ndivyo ulivyompata dada yangu Yustina. Baba hakutaka kabisa kumwoza binti kwa mtu wa ziwani. Alisema, mtoto wangu amekulia kwenye ngoro za mahindi, mashimo yetu ya mlimani, anajua mteremko na shimo, atakwenda kula samaki na mchanga? Kisha siku ile akakukuta wewe unapanda mlima wa kwetu, jasho limeloweka shati, baiskeli imeanza kushika mwendo, na mtu yeyote anayepanda mlima anajua kwamba ukishuka hapo basi, hupandi tena, utasukuma mpaka juu. Ukashuka. Ukamwamkia. Hukujua hata kama ndiye. Jioni alituambia, "Kijana aliyeacha mwendo wake mlimani kwa ajili yangu, hatamwangusha binti yangu." Mahari ikaanza kuzungumzwa wiki ile ile.

Sasa nalifikia.

Wiki moja kabla ya siku yako, ulishuka katikati ya mji, mbele ya mizani, kumwamkia bibi mmoja mwenye fimbo. Nyuma yako pikapu ikafunga breki, dereva akatoa kichwa, akakuita mshamba, akauliza kama hapo ni kanisani. Watu wakacheka. Wewe ulimwambia, "Samahani, ndugu," ukaendelea kumuuliza bibi habari za wajukuu. Aliyeona aibu ni mimi. Mimi, mtu wa Kariakoo, shemeji yangu anaitwa mshamba mchana kweupe! Nikakukalisha pale kwenye kilabu cha pombe ya kangara, nikakufundisha sheria za mjini. Kaa kushoto. Usimtazame mtu usoni, ukimtazama umekwisha. Salamu unaitupa ukiwa unakwenda, kama kijana wa magazeti. Ukaniuliza, kwa sauti yako ile ya taratibu, "Na baba je?"

Nikakujibu, "Hata baba. Barabara haina baba."

Watu kwenye kangara walipiga makofi. Nilijiona nimesema.

Siku yenyewe ulikuwa umelala kwangu, kama kila safari, maana nyumbani kwa mkwe hukutaka kulala. Tuliondoka asubuhi, mimi mbele na redio yangu, wewe nyuma na usipa. Kwenye kona ya mikaratusi, chini ya shamba, Baba alikuwa amesimama kwenye majani pembeni ya barabara, jembe begani. Mimi nikampita, kama nilivyozoea kumpita, kwa kengele na mkono juu. Mimi ni mwanaye, ameshanizoea kama mtu anavyozoea kikohozi. Nikageuka kukutazama. Ulikuwa umeshaanza. Mguu mmoja umetoka kwenye pedali, mkono umeshika kofia.

Nikapiga kelele, "Kanyaga, shemeji! Kanyaga!"

Baba hakuijali, kelele zangu amezizoea. Ukanitazama mimi. Ukamtazama Baba. Ukarudisha mguu. Ukasema "Shikamoo baba" ukiwa umeshampita, kwa bega, kwa sauti ndogo ya mtu anayeiba.

Lori lilitokea mbele, likiwa upande wetu. Lilikuwa linaipita pikapu kwenye kona, limejaa magunia mpaka juu, na dereva anawahi. Mimi liliniangusha mtaroni kwa upepo wake tu. Wewe...

Nitaruka hapo. Ulikuwepo.

Ila hatua, shemeji. Nimezipima baadaye kwa miguu yangu, kutoka pale aliposimama Baba mpaka pale ulipoangukia. Ni ishirini na mbili. Ungeshuka kama ulivyoshuka siku zote, ungekuwa kwenye majani na kofia mkononi, unaulizwa habari za Lituhi, na lori lingewatupia vumbi nyote wawili, na Baba angelitukana kwa Kimatengo, na mngecheka.

Tulikupeleka kwenu. Njiani watu wa baiskeli walishuka wote kama inavyotakiwa kwa msiba, wakasimama. Lori moja la kahawa likatupigia honi tupishe. Msafara mzima ukasogea pembeni, na wewe ndani yake. Nilitaka kuokota jiwe. Kisha nikakumbuka nani alikuwa mwalimu wa elimu hiyo, nikaliacha jiwe likapumzika.

Na kaburini, shemeji, hili hukuliona. Walipomwita baba mkwe aweke udongo, Baba hakuinuka. Alikaa kwenye mkeka anatazama ziwa. Wakamwita tena. Akasema polepole, lakini kila mtu alisikia, "Alinipita. Sijui nilimkosea nini. Siku yake ya mwisho alinipita kama kisiki."

Maneno hayo yalikwenda kijiji chote kabla hata ya chai. Wakasema ulikuwa na kisirani na mkwe wako. Wakasema biashara imekulevya. Wengine wakasema mtu akikaribia kufa roho hubadilika, kwa hiyo ulikuwa umeshakufa tangu kona. Wewe! Wewe uliyekuwa unashukia hata vibibi visivyokuona! Yustina akanijia, macho yamevimba. "Kaka, mlikuwa wawili. Alimkasirikia nini baba?" Nikasema sijui. Akaniuliza tena siku ya tatu. Sijui. Akaniuliza tena akiwa anafunga nguo zako. Sijui, dada. Mara tatu, kama Petro, ila mimi jogoo wala sikumsikia.

Unajua mdomo wangu. Haujawahi kunyamaza tangu ulipotoka kwenye ziwa la mama. Nimeongea na madereva, mapadri, polisi wa barabarani, wanawake wa Kizaramo wanaojua kutukana mpaka nguo zinavuka. Kwa maneno yale mawili tu, "Ni mimi," ulinikauka.

Mpaka arobaini yako. Tulikuwa Lituhi, watu wamekaa, pilau ndogo, ziwa limetulia kana kwamba halijui mtu. Mzee mmoja wa kwenu alisimama kuwaasa vijana, akakutolea wewe mfano. Heshima kwa wakwe, akasema, msifanye kama marehemu. Yustina akainamisha kichwa mpaka kikagusa magoti.

Basi nikasimama. Nilidhani nitaanza na mzaha, ndivyo ninavyojua kusimama. Haukuja. Nikasema yote: kangara, magazeti, barabara haina baba, kanyaga. Nikasema mguu wako ulikuwa umeshatoka kwenye pedali. Nikasema kofia ilikuwa mkononi. Nilirudia hilo la kofia, sijui kwa nini, nadhani mara nne.

Yustina alilia, lakini kwa namna nyingine, kama mtu aliyetuliwa kuni kichwani. Baba alinigeukia. Akasema, "Kumbe aliyenipita siku ile ni wewe."

Akainuka. Akaenda kaburini kwako peke yake, na miguu yake ile ya kusuasua kwenye mchanga. Akavua kofia. Akachota udongo, akaweka, siku arobaini umechelewa lakini akauweka, na akaongea na wewe kitambo. Aliyoyasema unayajua wewe. Sisi tulikaa mbali.

Kwa hiyo jina lako ni safi, shemeji. Hakuna tena anayekutaja vibaya, kutoka Lituhi mpaka Mbinga. Nilidhani nikishalisafisha la kwako nitalala. Silali.

Baba hanijibu. Tangu siku ile, shikamoo yangu haina marahaba. Hanigombezi, hanifukuzi, chakula nakula. Nikiamkia tu, anatazama upande wa mikaratusi.

Baiskeli yako niliichukua kwa ruhusa ya Yustina. Fundi aliigonga usukani mpaka ukanyooka, gurudumu la mbele bado linayumba kidogo kama mlevi anayejikaza. Naendesha hiyo. Ya kwangu na redio yake nimeiuza, ada ya mtoto wako wa kwanza imelipwa. Na sasa mimi ndiye ninayeshuka. Nashukia wazee, nashukia vibibi, katikati ya mji, mbele ya mizani. Juzi dereva mmoja amenipigia honi mpaka vifaranga vya watu vikatawanyika, akaniita mshamba. Mimi, wa Kariakoo! Vijana wakacheka, "Mjini ameshuka! Mjini ameshuka!" Nilikuwa nimebaki peke yangu, shemeji. Baiskeli zote zilinipita kama maji yanavyopita jiwe. Hakuna anayeshuka siku hizi. Nilitaka kuwaeleza, nikaona hawatasikia kwa honi, na hata wangesikia, mtu wa kuwaeleza si mimi.

Kila asubuhi kwenye ile kona Baba anasimama pale pale kwenye majani, jembe begani. Sijui anamngoja nani. Nashuka hatua ishirini na mbili kabla. Nasukuma mpaka mbele yake. Navua kofia, ile ya kwako. Nasema, "Shikamoo baba."

Anatazama mikaratusi.

Nasubiri kidogo, halafu nasukuma mpaka nimalize kona, ndipo napanda.

Tulia huko, shemeji yangu. Ukiona mtu amekupita bila salamu, msamehe, huenda nyuma yake au mbele yake kuna mjinga anampigia kelele akanyage. Yustina anakusalimu, watoto wanakusalimu. Na ahadi yangu ni moja, sina nyingine ya kukupa. Kesho ni siku ya soko, malori yatakuwa mengi, na Baba atakuwa pale. Nitashuka. Asiponijibu, keshokutwa nitashuka. Na siku atakapokuwa hayupo tena kwenye majani, nitayashukia majani.

Ni mimi shemeji yako,
Mjini