Pombe ya Deo

Malangali, Ijumaa, mwezi wa saba 1980

Upepo umevuma tangu alfajiri na baridi ya leo inauma masikio. Naandika upesi jua likiwa bado liko dirishani, maana mafuta ya taa hayajaonekana dukani siku nyingi na koroboi yangu imekuwa pambo. Nakaa, nasimama. Nakwenda kufunua mapipa, nafunika, narudi. Baba Deo ameniambia nikifunua tena nitaipa pombe mafua.

Pombe imeiva. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Pombe ya ulezi ukishaichanganya na kimea haikuulizi tena. Siku yake ikifika inywewe, ukiiacha siku mbili tatu ni ya kumwagia nguruwe. Na siku yake ni kesho. Pombe yangu naijua. Kuanzia hapa hadi Pito, mtu akiwa na harusi ya maana ananiita mimi nimpikie, hata masista walionifundisha kusoma wanajua hivyo, ingawa wao hawanywi, wanauliza tu inapikwaje.

Hii nilimpikia mwanangu.

Deo ni mzaliwa wangu wa kwanza. Alipomaliza darasa la saba hakuna aliyempita kwa hesabu. Alianza kuswaga ng'ombe wa jembe akiwa mdogo mno, ukitazama kwa mbali unadhani ng'ombe wanalima wenyewe. Ana mabega ya babu yangu na meno yangu. Nduli alipoivamia Kagera, walipoita vijana, wangu hakusubiri kuitwa jina. Nilitangaza sokoni, nilitangaza kanisani, nilimtangazia hata mtu aliyekuwa amekuja kuuliza njia.

Redio ilisema tumeshinda. Tulicheza ngoma hapa mpaka vumbi likaingia kwenye vyungu. Huo ni mwaka jana, na Deo bado yuko Uganda. Nilikwenda ofisi ya tawi kuuliza vita iliyokwisha ina kazi gani na mtoto wangu. Katibu, kijana wa Mbeya, mpole, akanisogezea kiti na kunieleza kwamba wanalinda amani.

Sawa. Amani ya watu inalindwa na Deo. Shamba langu linalindwa na nani?

Maana vita hii sisi tulishailipa, na bado tunailipa. Tulitoa ng'ombe mmoja kati ya wawili waliokuwa wakivuta jembe pamoja, na mimi ndiye niliyemtoa zizini kwa mkono wangu nikiimba. Aliyebaki hakubali kufungwa na mwingine. Tulitoa mahindi. Sabuni imepotea, nafua kwa majivu. Sukari nimesahau rangi yake. Mgongo wa Baba Deo hauinami tena, kwa hiyo msimu huu tulilima kwa jembe la mkono kipande kilichokuwa kinanitosha kwa mboga tu, mimi na binti yangu Sabina, huku shamba kubwa likilala, nyasi zikifika kifuani. Redio inasema tufunge mikanda. Mimi sina mkanda, nina kipande cha khanga, na nacho nimekifunga.

Pamoja na hayo yote nilichukua ulezi uliobaki, ambao ungekuwa uji wetu mpaka mvua, nikaulowesha. Kwa nini? Kwa sababu dereva mmoja alisema Mbeya wameshuka askari wengi na wa kwetu Rukwa wako njiani. Hata mwaka jana nilisikia hivyohivyo nikapika. Majirani walikunywa, wakanipongeza, wakaenda zao. Deo hakuja. Lakini unasikiaje kwamba mwanao yuko njiani halafu ukae na ulezi mkavu ndani ya kihenge?

Jana jioni lori la Mbeya likafika. Likamshusha askari mmoja, kijana wa Mpui. Nilimfikia kabla mguu wake wa pili haujagusa chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wenzako wako wapi?"

Akasema kikosi cha kina Deo kinabaki. Nikamuuliza mpaka lini. Hawajaambiwa. Nikamuuliza, wewe kwa macho yako umemwona?

"Tangu tulipogawanywa kwenda kaskazini sijamwona, mama. Ila sijasikia baya."

Nilitaka aniangalie usoni anaposema hivyo. Hakuniangalia. Halafu nikaona hamwangalii mtu yeyote, hata ndugu zake waliokuja kumpokea, anaangalia tu begi lake kama litakimbia. Nikamwacha apumzike. Naye ni wa mtu.

Sijasikia baya. Nimelala na maneno hayo, nimeamka nayo, nayazungusha kama pipi isiyoyeyuka.

Asubuhi bombani wanawake wenzangu walikuwa wananingoja. Mmoja, sitamwandika jina maana hastahili wino, akasema, "Mama Deo, kesho tuje na vikombe, au tunamsubiri mgeni tena?"

Nikamjibu, "Njoo na kikombe, ila safari hii ukioshe."

Wakacheka, nami nikacheka. Nilipojitwisha ndoo, maji yalimwagika mgongoni nusu nzima.

Mchana akaja Mama Fidelis.

Lazima nieleze. Fidelis wake na Deo wangu waliondoka siku moja, lori moja, wamekaa bega kwa bega. Mimi nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Yeye alisimama kando ya gurudumu, ameshika kiatu cha mwanawe mpaka lori lilipoondoka. Nilimwona kama mtu asiyejua heshima aliyopewa. Kabla vita haijaisha walikuja watu wawili kwake, wakavua kofia. Fidelis amezikwa hukohuko pamoja na wenzake. Mahali gani, hawakujua kusema.

Kwetu msiba haufungwi bila pombe. Pombe inapikwa, watu wanakusanyika, majivu ya moto wa msiba yanatupwa, mama wa marehemu ananyolewa, anavua kaniki, anarudi kuwa mtu. Yeye hakupikiwa. Kwanza shemeji zake walibishana, wengine wakisema bila kaburi hakuna cha kufunga. Walipokubaliana, ulezi haukuwepo, kwa sababu aliyekuwa akilima ulezi ni Fidelis mwenyewe. Kwa hiyo mpaka leo yumo katika kaniki ile, imepauka imekuwa kama majivu, analala chini kando ya moto, haendi kwenye harusi ya mtu, haendi ngomani. Vita imekwisha kwenye redio, kwake haijavuka kizingiti.

Aliingia uani, akachuchumaa akanipigia makofi ya kusalimia. Nilishtuka. Yeye ni mkubwa wangu kwa miaka mingi, mimi ndiye ninayepaswa kuchuchumaa. Nikashuka haraka nami, tukawa wanawake wawili chini, tunapigiana makofi kama tunagombea.

"Mama Deo," akasema, "nimesikia mgeni wako hakuja. Hiyo pombe nipe nimalizie msiba wangu."

Akaendelea palepale, kama mtu aliyekariri njiani na anaogopa kusahau.

"Na uninyoe wewe."

Anayemnyoa mama aliyefiwa ni mwanamke ambaye watoto wake wote wako hai. Bibi yangu alilishikilia hilo, na bibi yake. Mkono wake ni mwepesi, wanasema, haumrudishii mwenzake kifo. Mwanamke akishika wembe mbele ya watu amesema kwa sauti kubwa kuliko kuapa kanisani: wangu wote wapo.

Na mimi sijui.

Nilimwambia nitamjibu jioni. Akaitika, akainuka kwa kushika goti, akaondoka bila kunilaumu. Angenilaumu ningepata pa kushikia hasira.

Tangu hapo sijatulia. Nimefagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Nimemgombeza Sabina kwa kuimba. Niseme ukweli wangu hapa, ninaogopa. Ile ni pombe ya mtu aliye hai. Nilipokuwa nasaga kimea nilikuwa namwita kwa jina. Nikiipeleka msibani, si ni kama nimemwonyesha njia isiyo yake? Na nikikataa? Kesho watakunywa hawa wa bombani na vikombe vyao, wataniuliza habari za Deo, nitajibu kwa majigambo, na Mama Fidelis atakuwa kule chini na kaniki yake akisikia kelele zetu. Halafu watasema Mama Deo kaogopa kushika wembe. Kwa nini aogope kama mwanawe yupo?

Nilimuuliza Baba Deo. Alikuwa anachonga mpini, hakuinua kichwa.

"Pombe ni yako."

"Mtoto je?"

"Mtoto ni wetu. Ukishika wembe umesema na kwa niaba yangu." Akachonga kidogo. "Ningependa uushike."

Mwanamume huyu nimekaa naye miaka yote hii nikidhani hajafikiria lolote zaidi ya mgongo wake.

Basi nikaenda kutafuta wembe. Nao ni bidhaa adimu sasa, watu wananyoana kwa vipande vya chupa. Nikaenda kwa Mzee Seif, mwenye duka na lori. Tuseme aliyekuwa na lori. Lilichukuliwa kubeba askari na chakula, likarudi limevutwa na jingine, halina injini wala milango, na sasa kuku wake wanatagia ndani. Rafu zake zimebaki na viberiti na pakiti za majani ya chai.

"Shikamoo mzee. Natafuta wembe, hata mmoja."

"Marahaba mama. Wembe wa nini?"

"Wa kunyolea msiba."

Mzee Seif aliacha kila alichokuwa anafanya. Uso wake ulibadilika taratibu, kope zikashuka, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Hakuniuliza msiba wa nani. Alikuwa ameshaanza kuinamisha kichwa, kama mtu aliyekuwa ameyaandaa maneno ya pole siku nyingi na sasa zamu yake imefika.

"Wa Fidelis," nikasema. "Mzee, ni wa Fidelis."

Akavuta pumzi. Akasema alhamdulillahi, kisha akaona aibu kwa kuisema, akageuka kuchokoachokoa nyuma ya masanduku mpaka akapata wembe mmoja ndani ya karatasi yake. Alikataa pesa.

Nimerudi nyumbani na uso wake. Kumbe ndivyo. Kumbe ninapopita nikijivuna kwamba Deo hivi na Deo vile, mji mzima unanisikiliza kwa upole, huku wakinisubiri nije na habari ile. Wananicheka bombani kwa sababu wakinihurumia nitajua.

Nimepita kwa Mama Fidelis kabla sijafika hapa. Nimemwambia kesho jua likitoka. Mapipa tutayabeba mimi na Sabina mpaka kwake, maana msiba ni wake na uwanja uwe wake. Alinishika mkono wa kulia, akaugeuza, akautazama kiganjani muda mrefu. Nikamwacha autazame.

Mwanga umebaki kidogo. Nimekwisha kunyoa vichwa vingi mimi, vya watoto wachanga hata vya wazee wenye makovu, sijamkata mtu, muulize yeyote. Kesho watu watasimama kunizunguka na hakuna atakayetazama kichwa cha Mama Fidelis. Watatazama mkono wangu.

Hautatetemeka. Deo yupo.

Nitasema hivyo kwa wembe, mbele ya wote, halafu nitarudi nyumbani nisubiri kuona kama nimesema kweli.