Suruali ya Getini

Moshi, Rau

Dada yangu mpenzi Flavia,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo dada. Najua inabidi niandike Sista, maana hata kwenye bahasha nimeandika Sista ili masista wenzako wasinione sina adabu, lakini humu ndani niache nikuite dada, mkono umeshazoea. Hali yako? Kifua kimepona au bado hiyo baridi ya Songea inakusumbua? Sisi huku wazima kabisa, Rogath wangu mzima, anakula kama ametumwa. Mama naye mzima, anakusalimia, na habari zake zimo humu, nyingi tu.

Kabla sijaendelea, kuna kitu kidogo humo chini ya bahasha nimekifunga na karatasi ya daftari. Usikifungue. Soma kwanza mpaka mwisho. Nimekuandikia kwa sababu kwenye simu utanikatiza. We ukisikia neno moja tu unaanza kunihubiria, na simu yenyewe ya konventi, Mama Mkuu amekaa pembeni. Hili jambo linataka mtu asikilize lote.

Basi dada, pale hospitali ninapolinda geti mambo yamebadilika. Kampuni imepata wakubwa wapya, wamekuja na sheria mpya za mavazi. Si unakumbuka zamani tulivyokuwa, wanawake wote kichwa kimenyolewa kama wanafunzi, sketi ya kubana chini ya goti, na wanaume kidevu lazima king'ae kila asubuhi. Sasa wamesema nywele ruksa kusuka mradi zibanwe ziingie kwenye kofia. Ndevu ruksa mradi zichongwe. Na Zuleha, yule mwenzangu wa lindo, mtoto wa hapa hapa mjini, amepewa hijabu ya rangi ya sare. Siku ya kwanza alivyoivaa alisimama wima mpaka wagonjwa wakamsalimia wakidhani ni mkubwa wa kazi. Zamani alikuwa anaivua pale kwenye kibanda kila siku akiingia, anaikunja vizuri anaiweka kwenye mfuko, na hakuwahi kusema kitu. Mimi nilidhani hajali. Kumbe mtu anaweza kunyamaza hivyo miaka.

Salehe wa lindo la nyuma ndo alituchekesha. Alifuga ndevu haraka haraka, zikatoka upande mmoja tu. Zuleha akamwambia huo upande mwingine bado unasubiri barua ya ruhusa.

Sasa hapo tulikuwa tunacheka. Tukaja kuambiwa wanawake wa getini wote suruali. Hapo sikucheka. Si unamjua Mama. Si unakumbuka yule mchumba wa binamu yetu alivyokuja nyumbani na suruali ya jinzi, Mama akamtolea kanga mlangoni, akamwambia karibu mwanangu, jifunge kwanza ndo ule. Mtoto wa watu akala mtori amefungwa kama mzigo. Mama alisema siku ile kwamba kwenye kihamba chake, hiyo migomba yote ya nyumbani, mwanamke wa suruali hakati hata jani la mgomba. Na kila akisema hayo anakutaja wewe, kwamba Flavia wangu amefunikwa mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Kwa hiyo mimi nikakataa. Msimamizi wetu anaitwa Yoramu, mtu wa Singida, mstaarabu, ila ni mtu wa amri. Nikamwambia mbele ya wote kwamba suruali avae mke wake. Nikaongeza na mengine, dada, mdomo wangu unaujua ukishawaka. Nilimwambia yeye mwenyewe suruali yake inamning'inia kwa nyuma kama mfuko wa mahindi uliopakuliwa. Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akaniambia, Mama Rogath, nenda nyumbani ukapumzike, ukiwa tayari kuvaa sare urudi.

Nilifika nyumbani nikapoa. Nikaona nimemkosea mtu mzima mbele ya vijana wake, na kazi yenyewe ndiyo inayotulisha. Nikafanya nini? Nikafanya kama tulivyofundishwa. Alfajiri nikakata jani la isale pale kwenye ua wa jirani, nikalifunga fundo, nikaenda kulichomeka kwenye kitasa cha mlango wa ofisi yake. Mimi mwenyewe nikakaa pembeni nasubiri aje anisamehe.

Dada, mtu wa Singida anajuaje isale? Amefika, ameona jani limefungwa fundo mlangoni, akarudi nyuma. Hakuingia. Akaagiza kiti, akafanyia kazi nje juani, na akampigia mchungaji wake. Wakati huo mimi namwangalia kwa huruma, nanyenyekea kwa macho, na kila nikimwangalia yeye anazidi kuhamisha kiti. Wote tuliokua hapa tukiona jani tunajua, hata sikufikiri kama yupo mtu duniani asiyejua.

Zuleha ndiye aliyetuokoa. Akamwendea akamweleza kwamba hapa kwa Wachagga aliyekosa akileta hilo jani, aliyekosewa lazima asamehe, hawezi kukataa, hata kama ni ugomvi wa mpaka wa shamba. Yoramu akauliza, lazima? Akaambiwa lazima. Akauliza tena kama halina kitu kingine ndani. Zuleha akalichukua yeye, akampa mkononi. Akanisamehe dada, na mimi nikaivaa suruali. Jani hadi leo analo, limekaukia pale dirishani kwenye kopo la kalamu.

Na nikwambie ukweli, suruali ni raha. Miguu ina joto. Unapanda ngazi bila kushika pindo, unainama kukagua chini ya gari bila kuangalia nyuma. Nikawa natembea pale getini kama mwenye hospitali. Ila kwa Mama nikanyamaza. Nikipanda nyumbani Kirua navaa kitenge changu, naye ananiuliza kazi inaendaje, nasema inaendelea vizuri.

Sasa akaja mjini mwenyewe, bila taarifa, kuangalia macho. Na hospitali ziko nyingi Moshi hii, yeye akaja kwetu kwa kuwa aliambiwa mwanao yuko pale utapita haraka. Nimesimama nafungulia gari, nageuka, namwona amesimama na kikapu cha ndizi mbivu, ananiangalia kuanzia kwenye buti anapanda taratibu. Yale macho mabovu aliyokuja kuyatibu siku ile yalikuwa yanaona kila uzi.

Alinisema dada. Alinisema kwa Kichagga ili watu wasielewe, kumbe nusu ya ile foleni walikuwa watu wa Marangu na Kilema, wakawa wanatingisha vichwa. Alisema amezaa mabinti wawili, mmoja amemvalia Mungu na mwingine amevaa kama utingo. Na akasema nisikanyage kihamba chake mpaka niichome hiyo suruali. Hayo aliyasema amenyoosha mkono, na unajua mzazi akinyoosha mkono namna hiyo ni kama laana.

Akageuka kwa hasira aende zake, hakuangalia, akatumbukia mtaroni. Ule mtaro wa nje ya geti, mrefu, na mvua ilikuwa imenyesha. Kikapu huku, ndizi huku, Mama chini na kilemba chake. Dada, sikumbuki nilivyoruka. Najikuta nimo ndani, maji kwenye goti, nimempandisha mgongoni kama mtoto, napanda ukuta wa mtaro kwa magoti na viwiko. Zile sketi za zamani hata mguu usingenyanyuka. Suruali ikachanika gotini, sikujali.

Nikambeba hivyo hivyo mpaka kwa daktari, Yoramu anakimbia mbele anafungua milango. Mama yuko mgongoni. Mkono wake mmoja umenishika shingo, mwingine umening'inia pembeni, nikausikia unapapasa kitambaa cha paja langu. Unapapasa, unakipima kwa vidole, kama anavyopima vitenge sokoni. Halafu akasema neno moja tu sikioni, kwamba kitambaa hiki kizito.

Hakuvunjika mahali, aika Ruwa, Mungu ashukuriwe, ni michubuko tu. Akawekewa dawa ya macho, akapandishwa basi akaenda. Hakuniaga.

Tangu siku ile hakuna ndizi zilizoletwa, hakuna maziwa, simu haipokei. Mimi kila nikitaka kupanda Kirua nauona ule mkono alivyounyoosha. Nikawaza Desemba itafika, wote mtarudi, wewe na Jubilei yako ya nadhiri, moshi unatoka kila kihamba, mimi nitakuwa hapa Rau nakula wali na Rogath kama watu wasio na kwao. Nililia dada. Kwenye kibanda, kofia usoni, ili waseme nasinzia.

Asubuhi moja konda wa basi la Kirua akasimama getini akaniita, Mama Rogath, mzigo wako. Ndizi, kibuyu cha maziwa mgando, na juu yake, limefungwa vizuri kwenye mkungu, isale. Nilikaa chini. Zuleha akadhani nimeletewa msiba. Dada, umewahi kusikia mzazi akamletea mtoto isale? Mimi sijawahi. Mtoto ndiye anayepeleka.

Jumapili yake nikapanda. Nikamkuta jikoni anamenya ndizi, wala hakuinua uso. Akasema kwamba neno la kihamba ni neno zito, halirudishwi na pole, ndiyo maana akalituma jani, na kama nina swali nilimeze. Nikalimeza. Tukala. Baadaye tukiosha vyombo akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, kwamba ile suruali iliyochanika niliichoma? Nikasema bado. Akasema magoti yake baridi ya mwezi wa saba inayamaliza, na kule chini anakokata majani ya ng'ombe umande unapanda mpaka kiunoni.

Basi hapo ndo nimefika dada. Vuta pumzi.

Mama anavaa suruali. Ile ile aliyosema niichome. Kwetu kazini sare iliyoharibika inarudishwa ofisini, haitolewi nje. Nilimwendea Yoramu nikamwambia ukweli wote. Akaangalia lile jani kwenye kopo, akasema banduani nembo muilete, hicho kitambaa kilichobaki sijakiona. Nimeishona goti kwa kiraka cha kitenge, kile cha njano ulichompa wewe ulipokula nadhiri, alichagua mwenyewe. Mwanzoni alikuwa anaivaa chini ya kitenge. Sasa hivi migombani anaivaa peke yake, ameikunja miguuni, mundu mkononi, na ukimwona kwa nyuma utadhani marehemu Baba amerudi. Anaifua jioni anaianika nyuma ya zizi ili katekista akipita asiione. Na magoti hayamuumi tena. Anaimba akishuka na majani.

Ila amenikataza nisikwambie. Aliniapisha kwa jina la Mama Maria. Hamwogopi katekista wala jirani, anakuogopa wewe. Anasema Flavia wangu akinikuta hivi nitamtazamaje, na Jubilei yenyewe, nami ndiye niliyekuwa nikikataza suruali siku zote. Ameshapanga wewe ukifika Desemba aifungie kwenye sanduku mpaka uondoke, awe anashuka kukata majani na kitenge chake tu kwenye umande. Na hatakubali umsaidie kukata, unamjua. Mimi hilo nimeshindwa kulinyamazia. Zuleha ananiambia siri kwangu ni kama maji kwenye kikapu, lakini hii ningeitunza kama si yale magoti.

Sasa fungua ile karatasi. Najua litakuwa limeshakauka kwa safari, pengine limevunjika, lakini jani ni jani. Nimelikata kwenye ua wa nyumbani, pale pale nyuma ya zizi, nikalifunga fundo mwenyewe. Ni la kwangu kwa kuvunja kiapo, na ni la Mama pia, ingawa hajui kama nimemkatia. Umeshalishika dada, na ukishalishika unajua huna pa kwenda.

Ukifika Desemba usiseme nimekwambia. Mkumbatie, kaa, kunywa uji. Halafu mwangalie miguuni, umuulize tu, Mae, umande wote huu mbona umejifunga kitenge peke yake?

Nisalimie masista wote hapo, na yule wa jikoni aliyenitumia mbegu za maboga, mwambie zimeota mpaka zinapanda ukuta. Rogath anasema shikamoo mama mkubwa. Zuleha naye salamu, ingawa hamjuani, amenisaidia kutafuta stempu. Mungu akutunze mpaka tutakapoonana nyumbani, wote, jikoni.

Ni mimi mdogo wako,
Kornelia, Mama Rogath, wa getini