Boila Iliyobarikiwa

Jumanne, 14 Januari
Nimetoka zamu, miguu imevimba. Boila ya kupasha nyumba joto bado imekufa. Mama mkwe yuko jikoni mbele ya hita ya umeme, koti lake na langu juu yake. Alitua juzi kutoka Machakos, na baridi ya Temple Hills, hapa Amerika, haina adabu. Fundi wa gesi mwenye leseni anakuja Jumatatu. Ni kuvumilia tu.
Mutua, mume wangu, hawezi kuvumilia. Anaona aibu. Mama amevuka bahari aje kutetemeka kwa mwanawe!

Jumatano, 15 Januari
Ameitengeneza mwenyewe. Kipuri kimekuja kwa posta, akafungua mpaka bomba la moshi. Zamani alifanya kazi ya boila kiwandani Athi River, na hajaacha kutukumbusha. Nikamwambia gesi huku haiguswi na kila mtu, sheria inataka leseni na kibali. "Kibali cha kuota moto kwangu?" Akacheka.
Nyumba ina joto. Sitadanganya, ni raha.
Kisha mama akashuka chini kuona. Akashika mikono ya Mutua, akaitemea mate kidogo, vile mama wa Ukambani humbariki mtoto. Mutua alilia. Mimi nikajua nimeshindwa. Sasa nani atamleta fundi mgeni aje kufungua kazi ambayo mama ameibariki? Mutua amefuta miadi ya Jumatatu.

Ijumaa, 17 Januari
Mama amehamia chumba cha chini, kinachopakana na boila. Anasema joto liko huko.
King'ora cha gesi ya sumu kimelia nikikaanga samaki. Mutua kasema ni moshi wa samaki, kakitoa betri, kazitia kwenye rimoti. Nikasema hicho hakisikii moshi wa samaki. Akasema nimeanza tena. Mbele ya mama yake. Nikarudi kwa samaki wangu. Nimekasirika.

Jumamosi, 18 Januari
Mama anaumwa kichwa. Ametapika chai. Akina mama wa kikundi cha maombi wamekuja, wakasema ni uchovu wa ndege, wakaomba. Nikafungua dirisha. Mama akaomba lifungwe, likafungwa.
Nikamsihi Mutua pembeni: mwite fundi aangalie tu. Akauliza kama nataka mama ajue simwamini mwanamume wa nyumba hii. Nikaenda kazini kuwatunza wazee wa watu wengine, roho ikiwa huku.

Jumapili, 19 Januari
Mama alibaki nyumbani, kichwa bado. Kutoka kanisani nikapitia dukani, nikanunua betri bila kumuuliza mtu. Nikazitia kwenye king'ora koti likiwa mwilini. Kikalia papo hapo. Jikoni hakuna kilichokuwa motoni.
Mama alikuwa nusu kitandani, nusu sakafuni. Mutua alimbeba mpaka nje, kwenye theluji, akimwita kwa Kikamba. Mumbua, binti yetu, aliwapigia simu zimamoto.
Zimamoto wamefunga gesi. Bomba la moshi lilikuwa limeachana pale pale alipolifungua Mutua, gesi ya sumu ikiingia chumbani kwa mama. Wakauliza nani alitengeneza. "Mimi."

Alhamisi, 23 Januari
Mama katoka hospitali. Alipewa oksijeni, sasa anadai ugali na kulalamikia mboga yangu ya sukuma. Kanisa limeshukuru. Fundi mwenye leseni amekuja na kibali chake, kamaliza kabla ya chakula cha mchana. Mutua ameitwa na watu wa kaunti, ofisini kwao Upper Marlboro, kwa kazi isiyo na kibali.
Nilitaka kumwambia, "Nilikuonya." Nikampakulia chakula.
Daktari alisema tumwangalie mama kwa wiki kadhaa, kwani athari nyingine za gesi hiyo huchelewa. Lakini anaonekana mzima kabisa.

Jumatatu, 10 Februari
Mumbua kaniambia, "Mom, Susu keeps asking me the same thing."
Nami nimeona nyanya yake akirudia swali moja. Jana alitia chumvi kwenye chai, akaongeza tena. Leo kaniita kwa jina la dada yake Mutua. Tumerudi kwa daktari. Huenda akili ikarudi, huenda isirudi. Hakuna dawa ya maana. Kazini ninaogesha wazee waliosahau majina yao, na ninajua la kufanya. Hapa nyumbani sijui nianzie wapi. Naogopa.

Jumamosi, 22 Februari
Jua kidogo. Nyumba ina joto.
Mama ameamka mapema, akaoga, akavaa gauni la safari. Nimemkuta sebuleni, mkoba mapajani, sanduku kando. Akamuuliza Mutua, kwa heshima, ndege ya kwenda Amerika kwa mwanawe inaondoka lini.
"Kesho, mama."
"Asante, kijana."
Mutua amekaa karibu naye. Nimewapelekea chai.