Wake Wenza Juu ya Chumvi

Tumo ndani ya gemu, Mwanamisi! Mimi na wewe! Nasra ametutengeneza sote wawili, magongo mikononi, tunapigana juu ya chumvi, na gemu yenyewe imekubaliwa na itaonyeshwa mbele za watu!

Haya, nimeropoka kabla ya salamu. Wanijua. Amani ikufikie huko uliko, mke mwenzangu, na Mola alinawirishe kaburi lako. Sisi huku Mishomoroni tu wazima. Bakari, mume wetu, mgongo unamsumbua lakini lori la makontena hajaliacha; akirudi kutoka Changamwe analala siku mbili kama gunia. Chumba chako anakaa Nasra. Amekijaza nyaya mpaka kukifagia ni kazi ya kuomba dua kwanza.

Sasa nikueleze vizuri. Mtoto yule uliyemzaa wewe tukamlea sote, ametengeneza gemu yake mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Si kucheza, Mwanamisi, wapuuzi wa mtaa huu wanachanganya. Kutengeneza! Alianza ilipopita arobaini yako. Mchana anatengeneza simu za watu dukani, jioni anakaa na kompyuta yake. Mwaka mmoja na nusu. Kuna kikundi cha vijana wa gemu hapa Mombasa, waliletewa gemu chungu nzima, wakachagua chache tu za kuonyeshwa, na ya mwanetu imo. Nimemwambia fundi cherehani, nimemwambia mama wa mboga, mke wa imamu nimemwambia mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakushtuka vya kutosha.

Na inaitwa Chumvi. Hapo najua umeshacheka.

Maana jina ni lako. Wakumbuka Bakari alipoleta ile mashine kuukuu ya gemu, kaseti moja imekwama ndani haitoki, kwa hivyo nyumba nzima tukawa na gemu moja tu maishani? Nasra alikuwa na miaka minane. Mimi na wewe tulikuwa na miezi saba hatusemeshani, kisa jiko. Unasimama mlangoni unasema, "Nasra, mwambie Mamako Mkubwa maji yake yamechemka." Nami nipo pale pale, hatua mbili, nakusikia. "Nasra, mwambie mamako nina macho."

Mtoto akachoka kucheza peke yake. Akaja kwangu akasema, Mama anasema wewe huwezi hata kushika padi ya kuchezea. Akaenda kwako akasema, Mama Mkubwa anasema wewe huwezi hata kushika padi. Mwongo mkubwa! Nilikuja kujua baada ya miaka. Lakini siku hiyo tuliketi kwenye mkeka, mimi huku, wewe kule, yeye katikati, mbele ya ile televisheni nene, tena saa nane mchana na sufuria ziko motoni.

Wanaume wanene, kofia ngumu, wanateleza kwenye sakafu nyeupe pee. Picha zenyewe za vijisanduku vijisanduku, uso wa mtu ni vidoa vitatu. Nasra anasema siku hizi watu wanazipenda tena hizo, hata gemu yake ameichora hivyo makusudi. Mimi nilidhani hajamaliza. Ukibonyeza hapa mtu anapiga gongo. Ukibonyeza pale anatupa gongo chini na kukunja ngumi. Basi sote tukabonyeza pale. Nikakupiga, ukanipiga, damu, meno yanaruka, mtu wako akaanguka akalala chali. Ndipo nikasema neno langu la kwanza kwako baada ya miezi saba:

"Inuka basi, au umekuja kulala kwangu?"

Nawe ukasema, "Ngoja nifunge leso."

Ukainuka kweli, ukaifunga leso kiunoni, ukakaa tena, ukanipiga mpaka mtu wangu akatolewa nje kwa machela. Wallahi nilicheka mpaka wali ukaungua. Tuliula hivyo hivyo, sahani moja.

Mwezi mzima hatukujua kama kuna goli. Kile kidude cheusi kinachoteleza tulikiita kashata, na tulikiona kinatuzuia tu kupigana. Siku moja ukakipiga kwa hasira kikaingia wavuni, loo! Ving'ora, taa, watu ndani ya televisheni wanapiga kelele. Ukaruka ukachomoa waya ukutani. "Tumeiharibu! Bakari atatuua!" Nasra yuko chini anagaragara kwa kicheko.

Na sakafu ile, Bakari ndiye aliyesema ni chumvi, maana alishawahi kubeba chumvi kwa lori akayaona mashamba yake, meupe mpaka macho yanauma. Nasra akatoka shule na maneno ya mwalimu, ati ni barafu, ati kuna nchi maji yanaganda uwanja mzima na watu wanacheza juu. Ukamtazama vile unavyotazama mtu aliyekosea. "Mimi nauza barafu za ukwaju mlangoni hapa kila siku. Nitashindwa kuijua barafu? Barafu inayeyuka. Hii imeyeyuka wapi?" Basi ikawa chumvi, miaka kumi na moja, na kila tulipogombana, iwe ndoo, iwe kamba ya nguo, iwe zamu ya Bakari, tulimalizia hapo. Aliyeshindwa anakaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Nilikuna nazi nyingi, sikatai. Lakini wewe ulikuna zaidi.

Sasa nikwambie palipokuwa pagumu.

Nasra alimaliza kila kitu, gemu ikachaguliwa, ikabaki wiki moja tu kuikabidhi kwa maonyesho. Akasema hawezi kumtia mamake ndani bila ruhusa ya mjomba wake. Ana adabu, mtoto huyu, nimemlea. Akampigia simu kakako Mtongwe. Mwalimu Hamisi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Marehemu huombewa, hachezewi," akamtakia heri, simu ikakatika.

Nasra akaja jikoni. "Mama Mkubwa, Mjomba akikataa moja kwa moja, nakutoa na wewe. Huwezi kupigana peke yako."

Mwanamisi, nisikufiche, kwanza nilijiwazia mimi. Nilishawaambia watu! Mke wa imamu mara mbili! Halafu nikaketi. Nikaona ulishatoka kwenye nyumba hii mara moja. Nilikuona ukitoka, mlango ule, mabegani mwa watu. Sikutaka utoke tena.

Nikavaa buibui langu zuri, nikafunga mahamri, tukavuka feri mimi na Nasra mpaka Mtongwe. Kakako alikuwa barazani kwake, watoto wa chuo chake cha Kurani wametoka tu, mbao zao bado zimeegeshwa ukutani. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, Bi Zuhura, karibuni, karibuni." Heshima zote, kahawa, mahamri yangu akayasifu. Nikazungumza. Wajua nikizungumza. Nikasifu mtoto, nikasifu gemu, nikasifu vijana wa Mombasa, nikasema jina lako halimo, humo waitwa Bi Mdogo tu, nami Bi Mkubwa. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipoishiwa ndipo aliposema, tena kwa upole, ndio ulioniumiza:

"Bi Zuhura, mimi ndiye niliyeshuka kaburini kumpokea. Kwa mikono hii. Leo mtu nisiyemjua, yuko wapi sijui, amekaa kwenye kiti anampiga dada yangu kwa kidole gumba. Nikubali?"

Nikanyamaza. Mimi. Nasra alinitazama kama ameona ajabu.

Kisha nikamwambia jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Bakari. Ile wiki yako ya mwisho ulipoitaka mashine. Nasra alikuwa chuoni. Nilikuegemeza kwa mito, vidole vyako vimevimba, padi inakuteleza. Nikamsimamisha mtu wangu kama nguzo, ukampiga, ukampiga, nikaanguka makusudi. Ukaiweka padi chini. Miaka yote hiyo uliniita Bi Mkubwa, siku hiyo ukaniita jina langu.

"Zuhura. Wote humu ndani wananishika kama yai. Na wewe pia? Nipige."

Basi nikakupiga. Naandika hapa na... nikakupiga, Mwanamisi, machozi yananitoka siioni hata hiyo televisheni, na wewe unacheka, unakohoa, unacheka, "Hivyo! Hivyo ndivyo!" Mtu wako akaanguka mara tatu na mara tatu ukamwinua kwa vidole vile. Halafu ukalala ukiwa umetulia, uso mwepesi. Sijakuona na uso ule tena.

Nikamwambia kakako, "Mwalimu, sijui mtu wa kwenye kiti ni nani. Lakini dada yako asipopigwa humo ndani, huyo si dada yako. Ni sanamu tu."

Upepo wa baharini ukapeperusha kofia yake, Nasra akaiokota. Kisha akanyoosha mkono. "Nionyesheni."

Nasra ana gemu kwenye simu. Mwalimu akavaa miwani, akaishika ile simu mbali kama samaki asiyemwamini. Basi ukatokea. Mfupi, mpana, leso kiunoni. Mimi Nasra amenichora nyonga zisizokuwa zangu, nimelalamika hadi nimechoka. Ukanipiga gongo moja, nikaruka, meno yakatawanyika, na wewe ukaweka mkono kiunoni ukageuza shingo, vile vile, ule mgeuko wako wa "nani mwingine?"

"Subhanallah," akasema. "Huyu ni yeye." Akasogeza simu karibu. "Alisimama hivi tangu ana miaka mitano, kila akinisingizia kwa mama na mimi nikachapwa." Akaanza kucheka, Mwanamisi, kakako yule asiyechekacheka, mabega yanatikisika, mpaka akavua miwani akaipangusa kwa kanzu, na hakuipangusa miwani peke yake.

Halafu mimi, Bi Mkubwa wa gemu, nikakuangusha. Akaiona damu. Uso ukabadilika. Nikaona tumerudi tulikotoka.

"Anainuka?" akauliza.

"Ukibonyeza haraka, Mjomba, anainuka."

Akabonyeza kwa kidole kimoja, kwa nguvu, kama anagonga mlango. Ukainuka. Ukafunga leso.

"Meno sawa," akasema. "Damu hapana."

Nasra hakubisha. Akafungua kompyuta aliyokuja nayo, pale pale mkekani akaitoa damu ya wote, si yako tu, ili asiseme mtu umependelewa. Sasa ukipigwa yanaruka meno matupu, tena yakiangukia kwenye chumvi huyaoni, nyeupe juu ya nyeupe. Vijana wa kikundi wamesema ndicho kitu kilichowachekesha kuliko vyote. Nami nimewaambia wote kwamba wazo ni la familia yetu.

Siku ya kuonyesha, pambano la kwanza ni letu, kwenye kitambaa kikubwa ukutani. Mimi najishika mwenyewe, hilo halina mjadala. Kukushika wewe palikuwa na ugomvi: Nasra alitaka, Bakari akataka, mpaka jirani akajitia. Kisha Mwalimu akapiga simu. "Mgeni asimshike siku ya kwanza," akasema. "Nitamshika mimi."

Kakako! Na kofia yake na miwani! Nasikia anafanya mazoezi kila siku watoto wa chuo wakishatoka, amefunga mlango wa mbele, wanadhani anapitia vitabu. Anapiga simu huku, "Binti, cha kusukuma ni kipi tena, cha kushoto?" Nasra anasema ameshaangushwa naye mara mbili. Siogopi. Vidole vyangu bado vizuri, na nimemtangulia kwa miaka kumi na moja.

Sasa nakuaga, mwenzangu, chakula kinaningoja na mikono yangu inanuka wino. Nakuahidi haya: mwanetu akiitwa mbele, nitapiga vigelegele vya watu wawili, vyangu na vyako, na atakayeniuliza huyu ni mtoto wa nani nitamjibu mpaka ajute kuuliza. Wa Mtongwe wote wanavuka feri, mtaa wetu umekodi basi zima, Bakari ameomba ruhusa kazini, na mke wa imamu ameshona nguo mpya. Ni ukumbini Changamwe, baada ya swala ya alasiri, Jumamosi hii.

Wako,
Zuhura